Nani Aliona Kwato?

Nyakundi alinipigia simu nikiwa dukani, futi shingoni na pini mdomoni, akaniambia maneno mawili tu: "Mama hali." Nilizitema pini. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumemzika baba yake huko Kenyenya, na nilimwacha mama yake akiwa amekaa wima kwenye kiti cha plastiki, anawashukuru watu, anauliza kama wageni waliotoka Marani wamepata chai. Nikajiambia huyu mama ni jiwe, atavuka. Kumbe tangu mahema yang'olewe hakuwa ametia kitu cha maana mdomoni. Wake za wanawe walimpikia uji wa wimbi, akashukuru, ukapoa. Walichinja kuku, akasema wapewe wajukuu. Mchungaji alikuja kumwombea, na mwishowe akala yeye. "Dada, wewe anakusikianga," Nyakundi akasema, na sauti ya mwanamume yule mwenye mvi ilikuwa ya mtoto aliyepotea sokoni. "Kuja tu." Nikafunika cherehani, nikafunga duka, nikapanda bodaboda kuteremka kutoka Nyanchwa kutafuta gari la Kenyenya. Sare za shule zingeningoja.

Njia nzima sikuwaza mazishi. Niliwaza ule mwaka niliokaa kwao baada ya kumaliza kidato cha nne, nikijifunza kushona kwa fundi mmoja pale sokoni. Marehemu mume wake alikuwa ndugu mdogo wa baba yangu, na kwa kuwa kwa Ekegusii baba mzazi ni tata, nilimwita Tata. Mke wake, kwa haki, ningemwita baba, kwa sababu kwetu neno hilo ni la mama. Lakini nikiandika hapa kwa Kiswahili kwamba baba alikuwa mwanamke mnene mwenye leso kichwani na kicheko cha kusikika mpaka kisimani, wasomaji wangu wa Pwani watafunga kitabu, kwa hiyo tubaki na Mama Mdogo. Hawakuwa wamekaa sana katika ndoa, na Nyakundi alikuwa hajazaliwa. Nyumba yao ilikuwa ya udongo na mabati, na jiko lilikuwa kibanda kando yake: mafiga matatu, moshi, mkungu wa ndizi ukining'inia juu ukiiva taratibu, na kibao kirefu nilichokalia mimi. Ni katika jiko hilo nilipoona jambo ambalo sikuwa nimeliona kwetu wala kwa jirani yeyote, mwanamume na mke wake wakila katika sahani moja.

Ilikuwa sahani ya bati, nyeupe, yenye ua jekundu katikati, na Mama Mdogo alipenda kusema tule mpaka ua lionekane. Wanaume wa rika la Tata walikula nyumba kubwa, wakiletewa na kuondolewa vyombo. Tata aliinamisha kichwa mlangoni, akaketi kwenye kigoda, wakamega ugali huku na huku, mboga ya chinsaga ikiwa katikati, wakisimuliana mambo ya siku kama watu waliokutana baada ya safari. Mimi nilikuwa na sahani yangu na masikio yangu. Watu walisema, bila shaka. Siku moja kisimani nilimsikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Momanyi anakula na bibi sahani moja. Ndio maana hanenepi. Ule mama anammaliza." Nilimpelekea Mama Mdogo habari hiyo ikiwa bado moto, nikidhani atakasirika. Alicheka mpaka leso ikamwanguka. "Si akule haraka," akasema. "Mimi sijamshika mkono." Nilikuwa na miaka kumi na minane, na nikaamua palepale kwamba nikiolewa, itakuwa nyumba ya sahani moja au nibaki kwetu.

Tata alikuwa mwindaji. Wakati huo uwindaji ulikuwa bado halali kwa mwenye kibali, naye alikuwa na kibali na bunduki ya mtutu mmoja. Kenyenya yenyewe ilikuwa mashamba tayari, lakini ukiteremka upande wa Umasaini ulikuta vichaka vikubwa, kanga wakikimbia makundi makundi, na paa waliopanda usiku kula maharage ya watu. Tata alizaliwa katika nyumba ya Wakatoliki akageuka Msabato kwa ajili ya mke. Sabato aliitunza vizuri, Ijumaa jua likianza kulegea bunduki ilikuwa imeshafutwa na kufungiwa. Ila jambo la nyama safi na nyama najisi halikuwahi kumwingia kichwani. Mama Mdogo alizaliwa nalo. Kwake mnyama wa kuliwa ni lazima awe na kwato zilizopasuka na awe anacheua, vyote viwili, na kimoja kikikosekana basi huyo si kitoweo, apite zake.

Alasiri moja Tata alirudi na nyama iliyofungwa kwa jani la mgomba, imechunwa na kukatwakatwa vizuri, bila kichwa, bila miguu.

"Hii nyama iko na kwato?" Mama Mdogo akauliza.

"Iko na miguu nne," Tata akajibu, akaenda kunawa.

Alilichukua jibu hilo kuwa ndiyo, na mimi pia. Tulikula, na siwezi kusema uongo, ilikuwa tamu, ua lilionekana mapema siku hiyo. Kesho yake asubuhi tulikuwa nje tukichambua mboga mbwa alipokuja mkia juu, akaweka miguuni pa Mama Mdogo zawadi yake: mguu mrefu wenye manyoya na kucha. Ulikuwa mguu wa sungura. Mama Mdogo aliutazama. Aliuokota kwa jani, akampelekea Tata aliyekuwa akinoa jembe, akauweka juu ya jiwe la kunolea na kumwambia, "Hesabu kwato."

Tata alijaribu mzaha kwanza. Akasema sungura ni mnyama mdogo, hata dhambi yake ni ndogo. Mama Mdogo hakucheka. Tata akasema kule kwao walimla tangu zamani na hakuna aliyekufa, na hapo ndipo alipoharibu kabisa. "Mimi sina kesi na sungura," Mama Mdogo akamwambia, polepole, na niliogopa upole huo kuliko kelele. "Ungesema ni sungura, ningekupikia ugali, ungemchoma huko nje, ungekula na amani yako. Mimi nilikuuliza swali. Wewe ukacheza na swali yangu." Kisha akaingia jikoni, akakisugua chungu kwa majivu mpaka nikahofia kitatoboka, na jioni hiyo kukawa na sahani mbili.

Yeyote aliyetutembelea siku zile angeona nyumba ya kawaida ya Kigusii, mwanamume akila peke yake nyumba kubwa, wanawake jikoni. Hata yule mama wa kisimani angeridhika. Mimi ndiye niliyebeba sahani ile ya pili kuvuka ua, na ua ule haukuwahi kuwa mrefu namna hiyo. Nikiingia, Tata aliuliza, "Amekula?" Nikirudi jikoni, Mama Mdogo alikuwa akichochea moto bila sababu, naye aliuliza, "Amemaliza?" Walisalimiana, walilima pamoja, Jumamosi walikwenda kanisani wakiwa wamependeza. Walikosana mahali pamoja tu, lakini mahali penyewe palikuwa ndipo nyumba ilipokuwa imesimama. Nilihuzunika sana, pengine kuliko wao, maana wao walijua wataishi, mimi nilidhani mapenzi yote duniani yamekwisha.

Baada ya muda Tata aliapa mbele yetu sote, akiwa amesimama mlangoni pa jiko bila kuingia. Hatapiga tena kitu chochote kabla hajaona kwato kwa darubini. Darubini hiyo aliachiwa na Mzungu mmoja wa mashamba ya chai ya upande wa Sotik, mtu mnene aliyemwachia pia koti lake jeusi alipokuwa anarudi kwao, na Tata alilivaa koti hilo kila Sabato likiwa limemfunika mpaka kwenye vidole. Mama Mdogo alisikiliza kiapo. "Sawa," akasema, na sahani zikabaki mbili. Mimi nilidhani kasoro iko kwenye vifaa. Darubini ile ilikuwa nzito na mkanda wake ulikatika zamani, ilifungwa kwa kamba ya katani shingoni. Akiinama iliyumba, akikimbia ilimgonga kifuani, na ikigonga bunduki ililia ko, ko, ko, na kila mnyama wa bonde akajua Momanyi amefika. Nikasema ikiwa hii darubini itatulia kifuani pake, ataona kwato, atasema kweli, na sahani itakuwa moja. Kwa umri wangu hiyo ilikuwa hesabu safi kabisa.

Nikaanza kushona. Sikuwa nimewahi kuona mikanda ya kubebea darubini kifuani, nilikuwa nimeona tu wachuma chai wakibeba vikapu mgongoni kwa mikanda miwili, nikawaza: geuza kikapu kije mbele. Mikanda niliitoa kwenye kikapu cha chai kilichooza kitako. Mgongoni niliikutanisha kama msalaba, nikaishonea pete ya chuma iliyokuwa kwenye kamba ya ng'ombe. Mbele niliweka kipande cha ngozi nilichoomba kwa fundi viatu, na pande mbili nikatia vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli, ili mtu akiinua darubini machoni ivutike, akiiachia irudi kifuani yenyewe bila kugonga. Uzi niliupaka nta ya mshumaa. Sindano ya cherehani iliukataa mpira, ikavunjika, nikashona kwa msharasi, ile sindano nene ya washona viatu, mpaka kidole kikaota sugu. Bwana aliyekuwa akinifundisha, fundi Onsongo, alisimama nyuma yangu akitafuna muwa. "Kemunto," akasema, "punda mwenyewe ako wapi?" Wanaume wa kibarazani walikwenda mbali zaidi, wakaiita sidiria ya Momanyi, na jina likashika.

Tatizo lilikuwa kipimo. Kwetu kuna chinsoni, ile heshima yenye haya kati ya mzazi na mtoto, na msichana mkubwa kama mimi hawezi kumzungushia futi kifuani ndugu wa baba yake. Hata kumwomba asimame nimtazame mabega ningeona aibu. Kwa hiyo nilifanya alichofanya kila binti wa Kigusii aliyewahi kumshonea baba yake, nikapima nguo yake. Mama Mdogo akiwa shambani niliingia nyumba kubwa, nikaliteremsha lile koti la Sabato kwenye msumari, nikalipima kifua, mgongo na mabega, kwa uangalifu wote niliofundishwa. Hakuna kipimo nilichowahi kuchukua kwa usahihi kama kile. Nilikuwa nimempima Mzungu wa Sotik.

Tata alipoivaa, ilimning'inia mpaka kitovuni. Alijitazama, akanitazama mimi, na kwa kuwa alikuwa mtu mwema akasema ni nzuri sana. Akaikaza kwa mafundo, akateremka bondeni. Alirudi na shavu limevimba. Kitako cha bunduki kilitaka kukaa begani palepale mkanda ulipopita, na alipofyatua kikateleza juu ya ule mkanda kikamzaba taya. Paa aliyemlenga hakuguswa. Alikaa juu ya jiwe uani, mafundo kifuani, mkono shavuni, darubini ikimchungulia tumbo. Nilitamani ardhi inimeze. Ndipo nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku ya mguu. Mama Mdogo alikuwa mlangoni pa jiko, mwiko mkononi, anacheka. Alicheka akashika mlango, akapangusa macho kwa leso, akashindwa, akaanza tena. Tata alitaka kukasirika lakini shavu lilimuuma.

"Leta hapa," Mama Mdogo akasema alipoweza. Akamfungua mafundo moja moja, akapitisha mkono mmoja kwenye mkanda, na wa pili, akageuka nimfunge mgongoni. Ikamkaa. Nasema ikamkaa kana kwamba nilimpima akiwa amesimama mbele yangu: pete katikati ya mgongo, mikanda imelala mabegani, ngozi juu ya kifua kile kipana, darubini imetulia tuli. Aliiinua machoni, akaiachia, ikarudi mahali pake bila sauti. Akatembea hatua chache uani, akaruka kidogo, mwanamke mkubwa vile. Tata alimtazama kwa namna iliyonifanya niangalie kuku. "Jumapili tunaenda," Mama Mdogo akamwambia. "Wewe utabeba bunduki. Kwato nitaona mimi."

Jumapili watu wengine wakienda misa, sisi tuliteremka bondeni, Tata mbele, Mama Mdogo katikati akiwa na gauni la shambani, gambuti, na mikanda yangu, mimi nyuma na panga na kibuyu cha maji. Tulilala kifudifudi nyuma ya mwamba. Baada ya muda mrefu wa kung'atwa na siafu, paa alijitokeza pembeni mwa kichaka, mmoja tu, mnene. Tata akainua bunduki polepole, bega lake halina mkanda wowote.

"Kwato?" akanong'ona.

"Ngoja." Darubini haikutikisika. "Naona. Imepasuka. Vizuri kabisa, imepasuka."

Kidole kikaenda kwenye kifyatulio.

"Ngoja, nimesema. Sijaona akicheua."

"Mama, paa hucheua. Kila mtu anajua."

"Kila mtu alijua hata sungura."

Tukangoja. Paa alikula jani, akatazama huku, akatazama kule. Mimi nilimwomba Mungu amtie yule mnyama kitu mdomoni. Paa akajikuna sikio kwa mguu, akatuonyesha kwato zake zote kwa ukarimu, akaingia kichakani taratibu akaenda zake. Bunduki ikashuka. Nikafumba macho nikisema sasa sahani zitakuwa mbili mpaka mwisho wa dunia. Nilichosikia ni Tata. Alianza kama mtu anayekohoa, kisha akalala chali juu ya nyasi, akacheka akielekeza uso mbinguni, akishika shavu lake bovu. "Amekwenda kucheua kwao," akasema. Mama Mdogo naye akaanza. Tuliwafukuza wanyama wote wa bonde lile kwa kicheko, sina shaka.

Jioni ile nilipochukua sahani ya pili kupakua, Mama Mdogo aliipokonya mkononi mwangu akaigeuza kifudifudi rafuni. Tata aliinamisha kichwa mlangoni, akaketi kwenye kigoda chake. Ilikuwa ugali wa wimbi na chinsaga iliyolazwa kwenye maziwa. Hakugusa. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini uso wake haukuwa wa mzaha aliposema, "Kabla sijala, nauliza. Nani aliona kwato?"

"Mimi," Mama Mdogo akajibu. "Kwa macho yangu mawili."

Hapo akamega. Sikuwahi kumsikia Tata akiomba msamaha kwa maneno mengine, na sikuwahi kumsikia akidaiwa.

Walipata paa mwaka ule, mara moja, paa mvumilivu aliyecheua mbele ya shahidi, tukamla tukamgawia na yule mama wa kisimani. Mwaka uliofuata serikali ikapiga marufuku uwindaji, Tata akarudisha bunduki, na mimi nikarudi kwetu nikijua kushona. Nilidhani darubini itapigwa na vumbi. Walizidi kwenda. Jumapili baada ya kazi walipanda kilima au kuteremka bondeni, yeye na fimbo, mama na darubini kifuani, wakatazama paa, baadaye paa walipoisha wakatazama ndege, baadaye vichaka vilipoisha wakatazama mabati ya watu na kusema nani amejenga. Mikanda nimeibadilisha mara nyingi, mpira huoza, ngozi hukauka, lakini kipimo sikukigusa, na kila nguo niliyoshona tangu hapo, tangu duka dogo mpaka hili la Nyanchwa, imetoka kwenye fahari ile ya kosa langu. Miaka ya karibuni presha ya macho ilimchukulia Mama Mdogo jicho la kushoto, daktari akasema halirudi. Akaendelea kutazama kwa lile lililobaki, akimwambia Tata anachokiona. Na kila mlo, Tata aliuliza swali lile lile. Watoto walikua wakidhani ni sehemu ya sala.

Nilifika jua likiwa bado juu. Sasa ni nyumba ya matofali, ila Mama Mdogo alikataza jiko lisivunjwe, na humo ndimo nilimomkuta, kwenye kigoda cha Tata. Koti jeusi walikuwa wamemzika nalo Tata. Mikanda na darubini vilikuwa kwenye msumari. Mke wa Nyakundi alikuwa amempakulia katika ile sahani ya bati, ua limebaki petali mbili, ugali na chinsaga na vipande vya nyama ya ng'ombe, na vyote vilikuwa vimeanza kupoa. Mama Mdogo alinishika mkono, akauliza habari za duka, akauliza kama nimekunywa chai. Hakuitazama sahani. Nilielewa kwamba hakuwa anagoma wala hakuwa mgonjwa. Alikuwa anangoja kuulizwa, na aliyekuwa akiuliza tulimzika. Mtu mwingine hakuthubutu, lilikuwa swali la mwenyewe.

Nikanawa mikono. Nikavuta kibao changu cha zamani, nikaketi mbele yake, nikaiweka sahani katikati yetu. Sauti ilitoka ndogo.

"Mama Mdogo. Kabla sijala, nauliza. Nani aliona kwato?"

Mke wa Nyakundi alisimama mlangoni na jagi la maji. Mama Mdogo alinitazama, kisha akatazama msumarini, kisha akaitazama sahani kwa mara ya kwanza.

"Mimi," akasema. "Kwa jicho langu moja."

Akamega.